Nta, Pumba na Shaba

Mtu wa Mbwera, katika delta ya Rufiji, akielezwa namna sanamu za kale za Buddha zilivyosubiwa huko Kambodia na Siam, hatashangazwa na vifaa. Nta ya nyuki anaijua. Utomvu wa kuifanya nta iwe ngumu si kitu kigeni kwa watu ambao sandarusi ya Rufiji ilipakiwa majahazini mbele ya macho ya mababu zao. Udongo umejaa delta nzima, na pumba za mpunga, ambazo mafundi wa kule huzikanda pamoja na udongo, kwetu humwagwa nyuma ya nyumba. Tulichokosa ni shaba na bati.

Kazi huanza na kiini cha udongo, mwili usio na sura. Fundi hukivika nta, unene wa kidole au pungufu, na hapo ndipo anapoimaliza sanaa yote: kope, mikunjo ya vazi, vichwa saba vya nyoka Mucalinda anayemkinga Buddha na mvua. Kisha huchomeka misumari myembamba ipite kwenye nta mpaka kwenye kiini, ili nta ikiondoka kiini kisisogee. Hubandika vijiti vya nta vitakavyokuwa mifereji ya shaba na matundu ya hewa. Udongo wa kwanza kupakwa huwa umechujwa, mwororo, uingie katika kila mstari. Ule wa juu ndio wenye pumba. Pumba huungua motoni na kuacha vitundu vya kupitishia mvuke, la sivyo kalibu hupasuka.

Nta huyeyuka kwenye nyuzi 65 hivi. Shaba iliyotiwa bati hudai karibu 1,000. Kabla ya hapo fundi ameshapima: kilo moja ya nta itajazwa na karibu kilo tisa za shaba, na ikipungua katikati ya kumimina, hakuna kuongeza kesho. Umbo alilolihangaikia limekwisha kutiririka, na kalibu itavunjwa. Sijui kazi nyingine ya mikono inayomtaka fundi aiharibu kazi yake iliyokamilika ili aipate.

Wakhmer wa Angkor waliimudu kwa kiwango cha kutisha. Mwaka 1936, katika hekalu la West Mebon, kilifukuliwa kipande cha sanamu ya shaba ya mungu Vishnu aliyejinyoosha, kazi ya karne ya 11. Ilipokuwa nzima sanamu hiyo ilizidi mita tano. Utawala wao ulipofika Lopburi, katika Thailand ya leo, mafundi wa huko wakauchukua uso ule: mpana, nyusi zinazokaribia kuungana, midomo minene yenye tabasamu la kubania. Watawala wakaondoka, uso ukabaki. Wauzaji wa vitu vya kale husema sanamu za Lopburi zina "athari ya Khmer", kana kwamba mikono ya huko iliazimwa. Mimi napinga. Uso unaweza kuigwa. Hesabu ya nta na shaba lazima uijue mwenyewe.

Pwani yetu ina ushahidi wake. Huko Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alifukua katika miaka ya 1980 simba mdogo aliyesubiwa kwa njia hiyohiyo ya nta, kimo cha sentimita sita hivi, wa takriban mwaka 1100. Mtindo wake una harufu ya India, na wachunguzi walionelea kwamba huenda shaba yake ilitokana na sarafu za China zilizoyeyushwa. Sarafu za namna hiyo zilikuwa zikifika: mwaka 1945 lundo lake lilipatikana Kajengwa, Makunduchi. Na simba huyo alikuwa katika mji wa Waislamu, wenye msikiti tangu karne ya 8. Najua sanamu kwetu humfanya mtu akunje uso, na wa Shanga huenda nao walikunja. Hata hivyo simba hakutupwa baharini.

Anayetaka kitu kisichomkwaza aende Lamu. Siwa (baragumu) ya shaba iliyoko kwenye makumbusho ya huko ilisubiwa kwa nta pia. Ukifika, usiipite haraka kwenda kupiga picha na ile ya Pate ya pembe za ndovu. Simama kwenye ya shaba kwanza.