Kichanganuzi na Neno "Alikuwaka": Uhakiki wa Jaribio la Piana-Mwanga

Wataalamu wa Kiswahili wamekwisha kuandika mengi kuhusu uchanganuzi wa lugha hii kwa kompyuta, na aghalabu maandishi hayo husifu wepesi wa mashine katika kutambua viambishi. Makala haya hayakusudii kuzipunguza sifa hizo. Yanakusudia kuhakiki jambo ambalo kwa maoni yetu limepitwa haraka mno: kichanganuzi kinapodai kuchanganua Kiswahili, hicho ni Kiswahili cha nani? Swali hili lilitujia tulipokuwa tukiunda maktaba ya programu kutokana na msimbo wake, kwenye kompyuta kuukuu, huko Piana-Mwanga katika eneo la Manono, jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Historia yenyewe inafahamika. Kimmo Koskenniemi alionyesha mwaka 1983 kwamba umbo la neno linaloonekana na umbo lake la ndani huweza kuunganishwa kwa kanuni zinazofanya kazi sambamba. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuitumia nadharia hiyo kwa Kiswahili mwaka 1985, na mwaka 1992 akaieleza katika toleo la kwanza la jarida la Nordic Journal of African Studies. Kazi yake ndiyo iliyozaa mfumo wa SALAMA na kuwezesha Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki. Baadaye chuo hicho hicho kilitoa HFST, maktaba huria ambayo mtu yeyote aweza kuichukua, kuisoma, kuibadili na kuiunda upya. Hiyo ndiyo tuliyoitumia.

Hapana budi msomaji aelewe kwamba HFST haijui neno hata moja la Kiswahili. Ni kinu kitupu. Nafaka huletwa na atwangaye. Mtumiaji huandika leksikoni ya mashina na viambishi, akaandika na kanuni za sauti, kisha maktaba huzigeuza kuwa otomata inayosoma neno herufi kwa herufi. Kwa hiyo mhakiki anayeilaumu maktaba kwa upungufu wa leksikoni anakosea anwani.

Kuiunda maktaba hiyo kulitufunza subira. Msimbo tuliuleta kutoka mjini katika kifaa kidogo cha kuhifadhia, kwa kuwa mtandao haukutosha kuuvuta kijijini. Utaratibu unajulikana: programu ya "configure" hukagua kama mashine ina vitu vinavyohitajika, yaani kompaila ya C++ pamoja na "flex" na "bison", "make" huunda, "make install" huweka mahali pake. Umeme wetu ulikuwa wa paneli za jua, nao ulikatika kazi ikiwa katikati. (Wengi hulijua jina la Piana-Mwanga kwa kituo cha umeme wa maji cha mto Luvua, kilichojengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono. Sisi tulilitegemea jua.) Tuliamini kwamba kukatika huko si hasara, maana "make" hulinganisha tarehe za mafaili na kuendelea pale ilipoachia. Hatukukumbuka kwamba betri ndogo ya ndani ya kompyuta ilikwisha kufa. Ilipowashwa tena, saa yake ilirudi nyuma miaka mingi. Kila faili jipya lilizaliwa likiwa na tarehe iliyo nyuma ya msimbo uliolizaa, na "make" ikaendelea kuunda yale yale kila tulipoiita, huku ikituonya kuhusu saa, nasi hatukulisoma onyo. Siku nzima ilipotea hivyo. Tulipoirekebisha saa, tukafuta yote na kuanza upya, kazi ilikamilika. Hata hivyo programu ya kwanza ilikataa kufunguka, ikidai kuwa haiioni maktaba iliyokwisha kuwekwa. Ilitubidi kuendesha "ldconfig" ili mfumo uitambue. Makosa yote hayo yalikuwa yetu.

Leksikoni yetu ya kwanza tuliiandika kwa kufuata vitabu vya sarufi ya Kiswahili Sanifu, kama afanyavyo karibu kila mtu. Kisha tukaipa mashine matini fupi tuliyoyaandika kwa mazungumzo ya kawaida ya Kalemie. Maneno kama "bantu", "bintu" na "tutoto" yalirudi na alama ya kujumlisha na ya kuuliza, ambayo ndiyo jibu la HFST kwa neno lisilojulikana. Hilo tulilitarajia. Tusilolitarajia ni "alikuwaka".

Mzungumzaji wa Kalemie au wa Lubumbashi akisema "alikuwaka" anaeleza hali iliyokuwa ya kawaida au ya kuendelea wakati uliopita. Kiambishi tamati hicho kina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Mashine yetu haikusita. Ilijibu kwamba neno hilo ni kitenzi "waka", chenye nafsi ya tatu umoja, wakati uliopita, na kiambishi cha mtendwa "ku-": yaani mtu fulani alikuwaka wewe, kama moto uwakavyo. Alama ya kuuliza ni ungamo la kutojua. Jibu hili lilikuwa uongo uliovaa sare ya sarufi, na mtafiti anayehesabu vitenzi katika maneno laki moja hatauona. Atapata jedwali safi ambamo watu wa Tanganyika wanawaka moto kupita kiasi.

Tatizo la "niko" na "iko" ni la namna nyingine. Katika Sanifu maumbo haya hudokeza mahali. Kongo mtu husema "niko mwalimu" kwa maana ya "mimi ni mwalimu". Mofolojia inapita bila kasoro, ila maana imekwisha kupotoka, na hakuna kanuni ya herufi itakayoinasa.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuyasanifisha matini kwanza, kisha kuyachanganua. Rai hii inasikika mara nyingi, nayo ina mantiki kwa anayetafuta habari tu ndani ya matini. Kwa mwanaisimu ni sawa na kuosha chungu cha kale hadi michoro itoke. Aidha inasahau historia. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihusu makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kiswahili cha huko kilikua kwa njia zake, kama alivyoeleza Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1986, na Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Kukiita lugha iliyokosea ni kudai kwamba kilivunja mkataba ambao hakikuuweka saini.

Kuna matini moja yanayoipa rai hiyo mtihani mgumu: historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 na kuchapishwa na Fabian mwaka 1990. Mwandishi hakufuata mipaka ya maneno tuliyoizoea. Ili kuyaelewa maandishi hayo, Fabian alimtegemea Kalundi Mango ayasome kwa sauti, na sikio ndilo lililoonyesha neno linapoanzia na linapoishia. Kichanganuzi hakina sikio. Kazi yake huanza pale mtu mwingine alipokwisha kuweka nafasi kati ya neno na neno, na uamuzi huo wa kwanza, ambao ni wa kiisimu kabisa, hauonekani popote katika matokeo yake. Tunashangaa kwamba waandishi wa nyanja hii huugusia mara chache.

Basi tuliandika leksikoni ya pili. "Wa-" ya ngeli iliruhusiwa kuwa "ba-", "vi-" ikawa "bi-", shina "ntu" likapewa nafasi, "ka-" na "tu-" za udogo zikaingia, na kiambishi tamati cha mazoea kikapata mlango wake. Mwanzoni tuliiacha kanuni ya "ba-" ifanye kazi popote, na mara neno "bali" likageuka kuwa wali wa kuliwa. Tulipoifunga kwenye viambishi tu, ilitulia, ingawa "bana" limebaki na tafsiri tatu: wana, wana wa kumiliki, na kubana.

HFST huruhusu kila uchanganuzi upewe uzito, na ulio mwepesi ndio hutangulia. Tuliyapa maumbo ya Sanifu sifuri, na ya Kalemie moja, bila kufikiri sana. Mwanafunzi mmoja wa hapo, aliyekuwa akitusaidia kuandika mashina, aliitazama safu ile ya tarakimu akauliza, "Mwalimu, mbona sisi ndio wazito?" Hatukuwa na jibu la kitaalamu. Tuliuondoa uzito kwa pande zote mbili. Gharama yake ni kwamba matokeo sasa ni marefu zaidi, na msomaji hulazimika kuchagua mwenyewe kwa kuutazama muktadha. Mtafiti mwenye haraka hatalipenda toleo hili.

"Alikuwaka" sasa linasomwa inavyopasa, na "waka" limezuiwa kuchukua mtendwa. Lililobaki ni "njo", neno dogo la msisitizo linalotokea karibu katika kila aya ya mazungumzo ya Katanga na ambalo kitabu cha Sanifu kingependa kuliita "ndiyo", "ndivyo" au "ndipo", kulingana na ngeli. Halifuati ngeli. Mwanafunzi yule alipendekeza tulipe kundi lake peke yake, nasi tumefanya hivyo, ila jina la kundi hilo bado hatujakubaliana.