Kidole Kabla ya Kijiti

Muuzaji wa vyombo vya muziki akitaka kukuuzia padi ya umeme, hupandisha sauti ya spika kisha hupiga kwa nguvu. Duka linatikisika, wapita njia wanageuka, na mnunuzi mgeni anaanza kuhesabu noti. Mpiga dramu aliyekomaa hababaishwi na hayo. Huomba hedifoni, hushusha sauti mpaka karibu na kimya, halafu hugusa mpira wa padi kwa ncha ya kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayejaribu joto la pasi. Vijiti vyake bado viko kwenye mkoba.

Katika maduka ya Kariakoo nimewaona wa aina zote mbili. Aliyenifundisha kutazama ni mpigaji mmoja wa bendi ya dansi, mtu aliyekaa nyuma ya sneya tangu ujana, ambaye alikuwa akitafuta padi ya bei nafuu ya kuongeza pembeni mwa dramu zake. Seti nzima ya umeme hakuitaka. Alitaka kifaa kimoja cha kumpa tumba, cherewa na makofi, kwa sababu bendi yake siku hizi haina mpiga tumba, na hata angekuwepo, tumba mbili na stendi zake hazipandi bajaji moja na dramu.

“Mzee, pandisha kidogo uisikie ilivyo,” kijana wa duka alimwambia.

“Shusha, mdogo wangu. Kwa nguvu zote zinalia.”

Ndivyo ilivyo. Hata padi duni kuliko zote italia ukiitwanga. Tofauti iko chini kabisa, kwenye pigo ambalo mkono haujalikusudia sana, na ili kuielewa inabidi tujue kilichomo ndani. Chini ya mpira kuna bamba gumu, na kwenye bamba kumebandikwa kisahani chembamba cha shaba chenye tabaka la kauri. Kauri hiyo hutoa umeme kidogo ikibanwa au ikitikiswa. Tabia hiyo ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha mwaka 1880 kwa kutumia fuwele, na sidhani kama ngoma iliwapitia akilini. Leo visahani vya namna hiyo ni bei ya kutupa. Ndivyo hivyohivyo vinavyolia ndani ya saa ndogo za kengele. Kwa hiyo anayekwambia padi yake ni ghali kwa sababu ya kisahani hicho anakufunga kamba. Gharama iko katika namna kisahani kilivyowekwa, sponji iliyokizunguka, na programu inayosoma umeme wake.

Kijiti kikitua, kisahani hutoa wimbi linalopanda na kushuka mara nyingi kabla ya kutulia. Kifaa kinatakiwa kuamua: hili ni pigo au ni mtikisiko wa jukwaa? Kama ni pigo, lina nguvu kiasi gani? Na hiki kinachofuata ni pigo jipya au mabaki ya lile la kwanza? Yote hayo ndani ya milisekunde chache. Tumba halisi ikipigwa mita 3 kutoka ulipo, sauti yake huchukua karibu milisekunde 9 kukufikia, kwa hiyo sikio lina uvumilivu kiasi, ila si wa kuuchezea.

Kuhusu pigo na mtikisiko, kifaa hutumia kizingiti: umeme usiofika kiwango fulani haupiti. Hapo ndipo watengenezaji wa bei ya chini hujilinda. Kizingiti kikiwa chini sana, padi itajipigia yenyewe kila mguu unapoikanyaga ngoma kubwa, na mteja atairudisha dukani akisema ina pepo. Kikiwa juu, hakuna atakayelalamika, kwa sababu wengi hupiga kwa nguvu. Mapigo madogo yanamezwa kimyakimya. Nguvu ya pigo huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 127, kama utaratibu wa MIDI ulivyowekwa tangu 1983, na padi nyingi zinakuonyesha ngazi hiyo kwenye karatasi zake. Suala ni kama ngazi za chini zinakanyagika kweli.

Mpigaji wetu alizikanyaga kwa kavacha. Mdundo huo ulitoka Kinshasa miaka ya mwanzo ya 1970, kwa Zaiko Langa Langa, na mpiga dramu anayehusishwa nao zaidi ni Meridjo Belobi. Ulivuka mipaka upesi ukaingia bendi za Nairobi na Dar es Salaam. Anayeusikiliza kwa mbali husikia mapigo makubwa tu, yale yanayosukuma nyonga. Lakini katikati yake mna mapigo madogo ambayo kijiti huyatoa kwa uzito wake chenyewe kikiwa kinarudi, na hayo ukiyaondoa mdundo unabaki mkavu, kila kitu kipo na hakuna anayeinuka kitini. Alicheza kavacha kwa vidole viwili, polepole, macho yakiwa dirishani. Padi ya kwanza ilimpa mapigo makubwa, mengine ikayala. Akaivua hedifoni bila kusema kitu. Ya pili iliyatoa yote, ila kwa nguvu moja, madogo na makubwa sawasawa, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi kuliko kuyameza. Ya tatu, ambayo haikuwa na sura ya maana na ilikuwa na vibao 4 tu, ilianza kuzungumza.

Hapo ndipo alipotoa vijiti.

Kilichofuata sijawahi kukiona kikifanywa na mnunuzi mwingine kwa utulivu ule. Alipiga katikati ya kibao, kisha akasogea nusu inchi kuelekea pembeni, akapiga tena, nusu inchi nyingine, mpaka akafika kwenye kona. Kisahani kikiwa kimebandikwa katikati, kona huwa hafifu. Na jukwaani, gizani, mkono ukichoka saa nane za usiku, kona ndiyo inayopigwa. Akaweka toazi lenye mkia mrefu kwenye kibao cha kushoto, akakiacha kikae kimya, akavitwanga vibao vya jirani. Kama mtikisiko unavuja kutoka kibao hadi kibao, toazi litajitokeza bila kuitwa. Lilijitokeza mara moja. Akaingia kwenye menyu, akapandisha kizingiti cha kile kibao kimoja kwa hatua moja, akarudia, likanyamaza. Padi inayokuruhusu kurekebisha kila kibao peke yake ina thamani kuliko inayokupa sauti mia za ziada. Kisha akapiga vijiti viwili harakaharaka juu ya kibao kimoja, akasikiliza kama sauti ya tumba inakatwa shingo na pigo linalofuata au inaachwa imalizie. Mwisho akaiweka padi juu ya kaunta ya kioo, akaipiga kaunta ngumi.

“Mzee, meza yangu!”

“Nataka kujua ikikaa jirani na ngoma ya mguu itafanyaje.”

Ikakaa kimya. Kijana akacheka, japo si kwa furaha sana.

Ni rahisi kusahau kwamba wapigaji waliotangulia hawakuwa na anasa ya kugusa kwa kidole. Simmons SDS-V, iliyotoka Uingereza mwaka 1981, ilikuwa na vibao vya pembe sita vinavyopendeza sana kwenye picha, lakini uso wake ulikuwa plastiki ngumu na vifundo vya mikono ya watu viliumia. Mwaka 1985 Roland wakaleta Octapad: vibao 8 vya mpira katika kasha moja, bila sauti hata moja ndani yake; ilibidi uiunganishe na mashine nyingine ndipo ilie. India waliipenda mno kiasi kwamba jina hilo limekuwa la padi zote za jamii hiyo, iwe imetengenezwa na nani. Nyavu badala ya mpira, zile zinazomrudishia mpigaji kijiti karibu kama ngozi, zilikuja na V-Drums za 1997. Padi nyingi za bei nafuu zimebaki na mpira, na kwa kazi ya pembeni mwa dramu halisi sioni ubaya.

Sasa pesa. Anayeanza huhesabu vibao na sauti, kwa kuwa ndizo namba zilizoandikwa kubwa kwenye boksi. Roland SPD-20 ya mwaka 1998 ina vibao 8 na sauti 700, nayo bado inapatikana mtumba. Ni chombo kigumu, lakini sauti zake ndizo hizohizo, huwezi kuitia ya kwako. Yamaha DD-75 ina spika ndani na inakubali betri, jambo la maana pale umeme unapokatika katikati ya mazoezi. Alesis SamplePad Pro inasoma memori kadi, kwa hiyo unaweza kurekodi tumba ya mjomba wako na kuipiga ukumbini. Mimi ningechagua vibao vichache vinavyopokea sauti zangu kuliko vingi vilivyojazwa kiwandani. Sauti za kiwandani zilirekodiwa na watu wasioijua cherewa, na ukitafuta dumbaki ya taarabu ndani yake utapewa ngoma ya kutoka Misri, ambayo ni ndugu yake lakini hailii Kizanzibari.

Kurekodi nako kuna ufundi wake. Baada ya kuinunua ile ya tatu, mpigaji wetu aliazima tumba kwa rafiki, akalipiga pigo lililo wazi, lililofungwa na lile la kofi, kila moja kwa nguvu tatu tofauti: ndogo, ya kati, kubwa. Hakuongeza nguvu kwa kompyuta, maana tumba ikipigwa polepole haitoi sauti ndogo tu, hutoa sauti nyingine kabisa, nene zaidi na yenye mwanzo laini. Kisha akakaa na kila rekodi kwenye skrini, akaivuta karibu mpaka wimbi likaonekana kama mlima, akakata ukimya wote uliotangulia mguu wa mlima huo. Watu wengi hulalamika kwamba padi zao zinachelewa, kumbe ni ukimya wa milisekunde 20 au 30 ulioachwa mwanzoni mwa faili. Kununua padi ya mamilioni si dawa ya hilo.

Faili akazihifadhi kama WAV ya biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, mono. Dakika moja ya stereo kwa kipimo hicho ni takriban megabaiti 10. Pigo la sekunde moja la mono halifiki hata kilobaiti 100. Kadi ndogo kuliko zote dukani itabeba tumba za Afrika Mashariki yote. Na mono ilimfurahisha fundi mitambo wa bendi, ambaye ana tundu moja tu lililobaki kwenye mikisa na hataki kusikia habari za kushoto na kulia.

Adapta mtu asiiazime ovyo. Volti zinaweza kufanana na ncha zikawa kinyume, moja chanya katikati, nyingine hasi. Mchoro mdogo wa duara uliopo karibu na tundu la umeme husomwa na wachache na huokoa padi nyingi. Stendi nayo isipuuzwe, maana kibano kinachocheza huingiza mtikisiko wa jukwaa moja kwa moja ndani ya kifaa, na kizingiti ulichokihangaikia dukani kinakuwa kazi bure.

Padi ikafungwa kushoto, juu kidogo ya haihati, ikiinamishwa kumwelekea mpigaji ili kijiti kitue kwa ncha na si kwa bega lake. Vibao vya mbali vikapewa tumba, kimoja pigo la wazi, kingine la kofi, kwa sababu kuvifikia kunahitaji nia. Makofi yakawekwa chini kushoto. Kile kilicho jirani kabisa na sneya ndicho kitakachoguswa kwa bahati mbaya mkono ukiwa unarudi, akalijua hilo kabla ya wimbo wa kwanza, akakiwekea cherewa, sauti ikiwa imeshushwa mpaka nusu.