Minecraft Haina Kiberenge

Mpwa wangu ana miaka 11, anakaa Tabora. Mimi niko Dar. Jumamosi jioni, bando likiruhusu, tunakutana ndani ya Minecraft. Nyumba yake iko upande mmoja wa mlima na yangu upande wa pili, na katikati kuna reli ya bloku kama 1,000 ambayo ilitumaliza likizo nzima ya Desemba. Kitoroli kinakwenda bloku 8 kwa sekunde, kwa hiyo safari nzima ni dakika mbili na ushee. Siku ya uzinduzi alipanda kwake, akaweka simu mezani, akaenda kujipakulia wali. Aliporudi alikuwa ameshafika mlangoni kwangu. "Anko nimefika," akaandika. Hakuona hata daraja tulilogombana siku mbili kuhusu nguzo zake.

Hilo ndilo linalonikera kuhusu reli za Minecraft, na ndilo nataka kulisema hapa. Na kabla hujauliza gemu limeingiaje kwenye ukurasa wa vitabu: ukilimaliza unakutana na maandishi marefu ya Julian Gough, mwandishi wa riwaya wa Ayalandi, ambayo mwaka 2022 aliyatangaza kuwa mali ya umma. Gemu lililomwajiri mtunzi limalizie hadithi yake limekubali lenyewe kusomwa. Basi tulisome.

Kila kitu katika Minecraft huanzia mikononi. Unaangushwa porini huna kitu, unaupiga mti ngumi mpaka unatoa gogo. Gogo linakuwa mbao, mbao zinakuwa meza, meza inakupa sururu, sururu inakupeleka chini ya ardhi kutafuta chuma. Ukikimbia, njaa inakushika. Ukianguka kutoka juu, unaumia. Tangu watu walipoanza kulicheza mwaka 2009 mpaka leo, likiwa limeuza nakala zaidi ya milioni 300, sheria yake kubwa haijabadilika: hakuna kitu utakachokipata bila kukitolea jasho, hata kama ni jasho la kubonyeza kioo.

Halafu unajenga reli, unakaa ndani ya kitoroli, na mwili wako unafutika.

Nielewe vizuri, kuijenga reli ni kazi. Vipande 6 vya chuma na kijiti kimoja vinakupa reli 16, kwa hiyo bloku zetu 1,000 zilikula vipande 375 au zaidi. Za dhahabu, zile zinazokisukuma kitoroli, unaweka moja kila baada ya bloku thelathini na kitu. Kila moja ni kipande kimoja cha dhahabu, pamoja na ule unga mwekundu unaofanya kazi ya umeme. Dhahabu siyo tatizo basi, na siungi mkono wanaodai kwamba reli ni usafiri wa matajiri. Tatizo ni kwamba ukishamaliza kujenga, humo ndani huna kazi. Umekuwa mzigo. Ungeweza kuwa sanduku la viazi.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Vitoroli vilipoingia mwaka 2010 hapakuwa na reli za dhahabu. Palikuwa na kitoroli cha tanuri, unakilisha makaa, kinasukuma vingine kama kichwa cha treni. Wachezaji nao waligundua kasoro tamu kwenye programu: vitoroli viwili vikienda sambamba, vikigusana vinapeana kasi. Watu wakajenga vituo vizima juu ya kosa hilo. Mwaka 2011 zikaja reli za dhahabu, kosa likarekebishwa muda mfupi baadaye, na ubunifu wote ule ukafa kifo cha kimya. Kitoroli cha tanuri bado kipo kwenye toleo la kompyuta, hakuna anayekihitaji. Kwenye toleo la simu, ambalo ndilo wengi wetu tunacheza huku kwetu, hakijawahi kuwepo.

Siku ile mpwa wangu akila wali nikamwandikia, kwa hasira ya utani, kwamba babu yake angemcheka. Baba yangu alifanya kazi kwenye genge la reli ya kati, upande wa Manyoni. Walikagua njia kwa kiberenge: kijukwaa cha magurudumu manne, wenzo katikati, watu wanasimama wanatazamana, huyu anakandamiza wakati yule anainua. Baba alikuwa akisema mteremko wa Saranda ni mtamu kushuka tu. Kuupanda, unamjua mwenzako ni mtu wa namna gani. Mtoto hakumkuta babu yake hai. Alisoma ujumbe wangu, akakaa kimya kidogo, halafu akauliza: "Tunaweza kukitengeneza humu?"

Hatuwezi. Kwenye gemu ambalo watu wamejenga kompyuta inayofanya hesabu, huwezi kutengeneza chombo alichosimama juu yake baba yangu kila siku ya kazi. Nikaanza kufikiria kingekuwaje, kwa lugha ya gemu lenyewe. Sarufi ipo tayari. Kitoroli na sanduku, unapata kitoroli cha mizigo. Kitoroli na tanuri, kitoroli cha makaa. Basi kitoroli na wenzo, unapata kiberenge. Hakuna anayehitaji kufundishwa, atakibahatisha mwenyewe mezani.

Kiwe na nafasi ya watu wawili. Mtu mmoja akipampu peke yake, kiende bloku 4 kwa sekunde, sawasawa na kutembea, ili asipate faida yoyote ila kubeba mzigo. Wakiwa wawili na wakipokezana vizuri, kifike 7. Kisiifikie kasi ya reli ya dhahabu hata siku moja. Hapa natofautiana na wapenzi wengi wa reli za gemu hili, ambao kila ombi lao ni kasi, kasi, kasi. Vita ya kasi reli ilishashindwa zamani. Tangu 2016 kuna mabawa ya kurukia, na kwenye toleo la kompyuta boti ikiteleza juu ya barafu ya bluu inapita bloku 70 kwa sekunde. Boti! Juu ya nchi kavu! Ukitaka kuwahi, nenda na boti yako.

Na kile chakula. Kupampu kule njaa kama kukimbia kunavyokula. Ndiyo njia pekee ambayo gemu linayo ya kumwambia mchezaji kwamba ana mwili, na reli ndiyo imeisahau. Kwa njaa, safari inapata urefu. Unabeba mikate, unachagua pa kupumzika, mlima unakuwa mlima. Najua anayecheza kwenye hali ya amani haoni njaa; yeye apampu bure, Mungu ambariki.

Swali gumu ni hili: je, mmoja akikaa tu, mwenzake akafanya kazi yote? Nilitaka kwanza gemu likatae, wasipopampu wote kisiende. Halafu nikakumbuka Mombasa. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 mpaka magari yalipoenea miaka ya 1920, mji ule ulikuwa na vijireli mitaani, na juu yake vibenchi vyenye paa la turubai. Mzungu ameketi na kofia yake, Mwafrika anasukuma nyuma. Nacho ni chombo cha reli kinachokwenda kwa nguvu za watu. Tofauti yake na kiberenge cha baba siyo chuma wala magurudumu, ni nani amekaa.

Kwa hiyo nimebadili mawazo: gemu liruhusu. Liache mvivu akae, na mwenzake aone njaa yake ikishuka huku ya mvivu imejaa. Wawili hao watasemezana, na hapo ndipo hadithi inapoanza. Gemu zuri halikuzuii kuwa mnyonyaji, linakuonyesha tu sahani ya mwenzako.

Kwa sasa tunaigiza. Tuling'oa reli zote za dhahabu, tukaweka za kawaida. Mmoja anakaa, mwingine anatembea nyuma akikisukuma kitoroli kwa mwili wake, jambo ambalo gemu linakubali ingawa kwa kujikokota. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa, yeye anasukuma, na nikaliona daraja lote, nguzo zake zilizopinda na kila kitu. Tulipomaliza kulivuka kitoroli kikasimama. Nikadhani ni mtandao. Kisha ukatokea ujumbe wake:

"Anko shuka. Zamu yako, na mimi nina njaa kweli sio ya gemu."