Pini Ndani ya Tapeti

Pikapu ya Chevrolet Silverado ikienda bila mzigo kwenye barabara tambarare haina haja ya silinda zote nane. Hapo V8 yake inateseka kwa sababu isiyoonekana: mlango wa hewa umefunguka kidogo tu, na kila pistoni inayoshuka inavuta kwa shida kupitia upenyo huo. Sehemu ya mafuta inaishia kwenye kuhema.

Basi baadhi ya silinda hulazwa, mlango ukafunguliwa zaidi, nazo zilizobaki zikapumua vizuri. Kazi yenyewe inafanyika ndani ya tapeti, kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Mna pini ndogo zinazofunga mwili wake wa nje na wa ndani viwe kitu kimoja. Kompyuta ikiamuru, oili yenye presha husukuma pini ndani, tapeti ikalegea. Kemu inayozunguka chini yake inaendelea kuinyanyua, lakini fimbo ya juu yake haisogei na valvu hazifunguki. Gesi iliyonaswa hubanwa pistoni ikipanda, kisha huisukuma irudi, mithili ya pampu ya baiskeli iliyozibwa kwa kidole. Nguvu nyingi iliyotumika inarudi.

Ninachokistahi zaidi ni kuvizia wakati. Pini haisogei wakati tapeti imebeba springi ya valvu. Sharti ingoje upande wa kemu usio na nundu. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kemshafti, mhimili wenye kemu hizo, humaliza mzunguko kwa milisekunde 60, na pini hupewa sehemu tu ya muda huo. Oili chafu inaichelewesha. Presha ya oili ndiyo pia inayogeuza kemshafti mbele au nyuma kidogo, kuwahisha au kuchelewesha valvu. Na kwa kuwa kemshafti ni moja, za kuingiza na za kutoa husogea pamoja.

Mwaka 1981 Cadillac walijaribu wazo hili la kulaza silinda katika injini ya V8-6-4. Wazo lilikuwa sahihi, ila kompyuta za wakati ule hazikuwa na kasi ya kutosha. Mfumo ulioingia kwenye Silverado ya 2019 unapiga hesabu mara 80 kwa sekunde na una mipangilio 17 ya silinda za kuwaka na za kulala. Tapeti zote 16 zina pini, kwa hiyo hakuna silinda iliyotengwa kuwa ya kulala, zamu inahama. Tena wahandisi hawakutazama mafuta peke yake: mpangilio unaotetemesha gari huachwa, hata kama ungeokoa zaidi.