Gitaa Lilisifiwa, Kiswahili Kikasahauliwa: Mwenda Jean Bosco na Watunzi-Waimbaji wa Katanga

Mtunzi-mwimbaji ni msanii anayetunga maneno yake mwenyewe, akayatafutia sauti na kuyaimba kwa gitaa lake bila kutegemea bendi. Wapenzi wa albamu za aina hii hukubaliana kwamba thamani yake kubwa imo katika maneno. Kigezo hiki hutumiwa bila ubishi kwa watunzi wa Ulaya na Marekani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hakijatumiwa ipasavyo kwa watunzi wa Katanga, na kwamba hasara yake inatupata kwanza sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, si mbali na Kambove. Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya na mtu wa Bayeke, alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Santuri zake, hasa ile ya "Masanga", zilienea mbali. Mwaka 1959 alifika Nairobi, ambako wapiga gitaa wengi walimwiga. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Na mwaka 1988 alirekodi albamu ya studio mjini Cape Town. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Rekodi zake za zamani zimetolewa upya, na kwa kijana anayezisikia leo kwa mara ya kwanza hizo ni albamu mpya. Kwa hiyo zinastahili kuhakikiwa kama kazi zilizo hai.

Tuanze na fani. Mwenda alipiga kwa vidole viwili: kidole gumba kilishika sauti nzito, na kidole cha shahada kikachora sauti ya juu. Msikilizaji hudhani kuna magitaa mawili. Ufundi huu uliwavutia wataalamu mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 David Rycroft aliandika uchambuzi wa kina wa muziki huo, na jina la makala yake lenyewe lilitaja gitaa. Hatuna ugomvi na kazi hiyo. Bila yake tungejua machache zaidi. Tatizo ni kwamba waliofuata, kwa sehemu kubwa, waliishia hapo. Vidole vilipata wahakiki; ulimi haukupata.

Kwa nini? Kwa maoni yetu, sababu ni dharau ya siku nyingi kwa Kiswahili cha Katanga. Lugha hii ilikua katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, mahali walipokutana watu wa Kasai, wa Rwanda, wa Rhodesia ya Kaskazini na wenyeji wa nchi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameeleza jinsi utawala wa Kibelgiji ulivyoikuza kwa masilahi yake. Wengi wamedhani kwamba lugha iliyozaliwa kazini haiwezi kubeba ushairi. Hata wanafunzi wetu wanaotoka Kambove na Likasi huomba radhi kabla ya kusema neno la kwao darasani, kana kwamba wamevunja kitu cha watu.

Nyimbo zenyewe zinakanusha dhana hiyo. Majina kama "Tambala Moja" na "Tajiri na Mali Yake" yanasomeka Lubumbashi, Nairobi na Unguja bila mkalimani. Aidha, zingatia suala la mizani. Mwimbaji wa Katanga husema "mutoto" na "muke" pale Kiswahili sanifu kinaposema "mtoto" na "mke". Mhakiki mwenye haraka ataliita hilo kosa. Lakini idadi ya mizani haibadiliki, kwa kuwa "m" ya sanifu nayo huhesabiwa kuwa mizani kamili. Kinachobadilika ni kwamba irabu "u" humpa mwimbaji mahali pa kutulia na kuivuta sauti, jambo lililo gumu kwa "m" peke yake. Anayeinakili "mutoto" kuwa "mtoto" kwa nia ya kusahihisha huiondoa irabu ambayo sauti ilikuwa imeegemea.

Hatusemi kwamba kila wimbo wa Mwenda ni shairi bora. Katika "Masanga" gitaa ndilo linalotawala, na maneno yapo kulitumikia. Tena upande wa santuri ya siku hizo ulichukua takriban dakika tatu tu, nao ulimlazimisha mtunzi kukata alipotaka kuendelea. Lakini huo ni uhakiki, na uhakiki huanza pale mhakiki anapokubali kusikiliza maneno.

Athari ya kutosikiliza inaonekana kwa warithi. Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu, tangu albamu yake ya kwanza ya mwaka 1993 ni mtunzi-mwimbaji wa hali ya juu, mwenye sauti tulivu na gitaa lisilo na pupa. Hata hivyo Kiswahili ni lugha mojawapo tu kati ya kadhaa anazozitumia, na Kilingala kina nafasi kubwa zaidi. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ana maneno makali na ya kufikirisha katika "137 Avenue Kaniama" (2018), lakini kwa sehemu kubwa ni ya Kifaransa. Hatuwalaumu, kila mtunzi ana haki ya lugha yake, na soko lina masharti yake. Tunauliza tu: kijana wa Kambove mwenye gitaa atajuaje kwamba Kiswahili chake kinatosha, ikiwa hata idara za Kiswahili hazijawahi kumwambia?

Kazi iliyo mbele yetu ni ya kawaida kabisa. Nyimbo za Mwenda, za Edouard Masengo na za wenzao zinakiliwe kama zilivyoimbwa, kwa sarufi yake zenyewe, kisha zifundishwe karibu na tenzi na mashairi ya pwani. Wazee waliozielewa zilipotoka, pamoja na mafumbo na majina ya mitaa yaliyomo, wanapungua kila mwaka. Gitaa limekwisha kuhifadhiwa katika santuri. Maana ya maneno ingali vichwani mwa wazee hao.