Mtego Usioua: Usiku na Panya wa Laikipia

Jamani, nimeuona mtego wa Sherman ukifanya kazi, na tangu siku hiyo nimekuwa gumzo nyumbani! Kwetu panya wa shambani tunamjua: kiangazi nyasi zikiungua anachimbuliwa, anabanikwa, basi. Kumbe anaweza kunaswa bila kudondoka hata tone la damu.

Chenyewe ni kisanduku cha aluminiamu kinachokunjwa bapa kama daftari. Mlango mbele, kibao cha kukanyagia ndani. Panya anafuata siagi ya karanga iliyochanganywa na shayiri, anakanyaga, pwaa! Mlango umejifunga nyuma yake. Humo unamtilia pamba, maana baridi ya usiku wa Laikipia haina adabu.

Nilikuwa kwenye vichaka vikavu vya Mpala, Kenya, ambako watafiti hutega miaka nenda miaka rudi. Alfajiri, kabla jua halijachemsha bati, unazunguka na tochi. Mtego umefungwa! Unavisha mdomo wa mtego mfuko wa kitambaa, unatikisa panya aangukie humo, kisha unauning'iniza mfuko kwenye mizani ya springi. Na huyo hapo: panya wa miiba, macho meusi yamemtoka, nywele za mgongoni zinakuchoma kidole.

Ole wako umvute ngozi! Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba panya hawa humwachia adui ngozi yao, kisha huiotesha upya, vinyweleo na vyote. Hata tundu la milimita 4 sikioni hujiziba. Nani angeyajua hayo kwa panya aliyekwisha kubanikwa?

Tena, panya anayeachiwa akiwa na alama huweza kunaswa tena, na hapo ndipo hesabu inapopatikana. Miaka ya 1990, papo hapo Laikipia, Felicia Keesing alikuta kwamba ndani ya ua uliowazuia wanyama wakubwa wala majani, panya mwenye mifuko mashavuni aliongezeka mara mbili. Tembo na pundamilia, washindani wa panya! Mimi hilo bado linanichekesha.

Kasoro zipo. Siafu wakiingia mtegoni mateka hana pa kukimbilia, kwa hiyo kagua ardhi kabla ya kutega. Na kibao kikiwa kigumu, panya mwepesi atakula karanga yote na kutoka zake. Kilegeze kidogo, utege tena jioni hiyohiyo.