Baridi ya Stafford, ulevi wa Harper

Katika michezo ya kuigiza wahusika, sehemu kubwa ya maisha ya mhusika hakuna anayeicheza. Wachezaji wakishaagana mpaka wiki ijayo, yeye anafanya nini? Gary Gygax aliliona swali hilo mapema. Katika kitabu chake cha waongozaji wa Dungeons & Dragons cha mwaka 1979 alisisitiza kalenda itunzwe kwa ukali, na kwamba siku zisizochezwa zihesabiwe moja kwa moja: siku ya duniani, siku ya mchezo. Muda ukawa unapita kweli. Ila haukuwa na uchungu.

Aliyeutia uchungu ni Greg Stafford, katika Pendragon, mchezo uliotolewa na Chaosium mwaka 1985. Wachezaji ni manaiti, askari wapanda farasi wa zama za Mfalme Arthur. Kwa kawaida wanapata safari moja ya hatari kwa mwaka. Kisha majira ya baridi yanaingia, kila mtu anarudi kwenye ardhi yake, na dadu zinaanza kutoa hukumu.

Tazama ustadi wa upanga. Naiti aliyeutumia vizuri safarini anawekewa alama kwenye karatasi yake. Baridi ikifika anarusha dadu ya pande 20, na ikitoka namba inayozidi kiwango chake, kiwango kinapanda kwa moja. Mwenye 10 ana nafasi nusu kwa nusu. Mwenye 18 anasubiri 19 au 20, yaani nafasi moja katika kumi. Namba ileile inayompa ushindi vitani ndiyo inayomwekea kizuizi cha kupanda zaidi. Hakuna jedwali la ziada wala maelezo marefu. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa kanuni safi kabisa zilizowahi kuandikwa katika michezo hii.

Baada ya hapo zinakuja dadu za mambo asiyoyatawala. Farasi amevuka baridi? Mke amejifungua salama, na mtoto je? Akishapita miaka 35, umri nao unadai chake, na nguvu alizozitegemea ujana wake wote zinaweza kupungua. Stafford anatoa matokeo tu, sababu anamwachia mchezaji. Dadu ikisema farasi amekufa, ni mwenye farasi atakayetueleza alikufaje na nani alilia. Kwa hiyo baridi hii ichezwe mezani, kwa sauti, wenzako wakisikiliza. Ukimwambia kila mtu akamalizie hesabu zake nyumbani, umeua sehemu nzuri kuliko zote, maana mtoto aliyezaliwa baridi hii ndiye atakayeshika upanga baba yake akianguka, na meza nzima inapaswa kumjua tangu utotoni.

John Harper alipita njia tofauti kabisa katika Blades in the Dark, kitabu cha mwaka 2017 kuhusu genge la wahalifu katika jiji la Doskvol. Yeye hatumii miaka, anatumia uhaba. Baada ya kila kazi, mhusika ana nafasi mbili tu za bure: kutibu jeraha, kujinoa, kupoza msako wa polisi, kuendeleza mradi wake wa muda mrefu, au kuurudia ulevi wake, uwe kamari, starehe au hata imani, ili apunguze msongo. Hapo ndipo mtego ulipo. Dadu ikiondoa msongo mwingi kuliko alionao, amepitiliza: pengine amejisifia kazi za genge mbele za watu, pengine ametoweka kwa muda na mchezaji wake inabidi ashike mhusika mwingine. Kupumzika kwenyewe kunazaa tatizo la kikao kijacho, na mwongozaji hakulazimika kulibuni.

Genge likiwa vitani na genge jingine, nafasi mbili zinakuwa moja. Mwenye jeraha na msongo kwa pamoja atachagua kimoja, au atoe sarafu yake kununua nafasi ya pili, sarafu ambayo huenda alikuwa anaiweka akiba ya uzeeni.